Kitabu Safi cha Mto

Mhandisi alishuka ngazi mbili, akasimama. Ngazi zilikuwa kumi na tisa, za mawe, zenye ukoga wa kijani, na viatu vyake vilikuwa vipya.

"Shikamoo, Mama," alisema kutoka huko juu.

"Marahaba, mwanangu. Shuka basi, maji hayang'ati."

"Hapa panatosha, Mama."

Mama Kipimo alikuwa amechuchumaa chini kabisa, sketi ameibana katikati ya magoti, akisugua kipimo kwa brashi ya kufulia. Kila Jumanne alikisugua. Ilikuwa nguzo ya chuma iliyosimikwa ukingoni mwa mto, chini ya daraja, imepigiliwa vibao vyeupe vyenye mistari myeusi na namba. Mistari ile ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka ishirini na sita. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, iwe mvua iwe jua, awe na mgeni au awe na homa, alishuka ngazi kumi na tisa, akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na maji, akangoja viwimbi vitulie, akasoma. Halafu akaandika kitabuni. Majirani walikwisha kulisahau jina alilopewa na wazazi wake, naye mwenyewe alikuwa akiitika hili la Kipimo upesi zaidi.

Siku ile vibao vinne vya juu vilikuwa vikavu, vimeshika vumbi kama vyombo vya wageni kabatini. Mto ulikuwa umejikunyata upande mmoja. Mawe ambayo Mama Kipimo hakuwahi kuyaona yalikuwa yametoka nje, meupe, yakiota jua.

"Nimekuletea kitabu," Mhandisi alisema. "Ni nakala safi ya kitabu chako cha miezi mitatu. Kile chako kimelowa lowa, kimechanika, wageni hawawezi kupewa kitu kile. Wewe weka sahihi tu chini ya kila ukurasa. Kesho kutwa wakaguzi wanakuja."

Mama Kipimo alipanda ngazi, mkono mmoja kwenye goti. Alimpenda kijana huyu. Mwaka jana, wiki yake ya kwanza kazini, kijana alimwona Mama Kipimo anashuka mtoni na ndala, na kesho yake akamletea viatu vya mpira virefu, bila kuombwa na bila kutangaza. Si wengi wanaotazama miguu ya mtu mzima. Kwa hiyo alikipokea kitabu kwa mikono miwili, kikiwa na jalada la bluu na harufu ya duka, akakifungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza ulisema sitini na mbili.

Siku ile mto ulikuwa hamsini. Aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka siku mtoto alipoanza kukohoa.

"Mwanangu," alisema polepole, "huu ni mto gani?"

Mhandisi alitazama daraja. "Ni marekebisho ya kitaalamu, Mama. Matope yamejaa chini, kwa hiyo kipimo kinadanganya kidogo. Ofisini tumekokotoa upya."

"Kipimo kinadanganya."

"Kidogo."

"Niachie nikasome nyumbani."

"Mkuu wa ofisi anakitaka leo."

"Mwambie nasoma polepole," Mama Kipimo alisema, akakitia kitabu kwapani.

Mto ule ulikuwa wa nchi mbili. Juu, mwendo wa saa moja kwa gari, palikuwa na bwawa la umeme. Chini, baada ya kona nyingi na bustani nyingi, ulivuka mpaka ukawa wa watu wengine. Wakubwa wa pande zote mbili waliwahi kukaa wakaandikiana: maji kwenye kipimo kile cha chini ya daraja yasishuke chini ya sentimita sitini. Yakishuka, bwawa lifungue lango la chini, hata kama umeme utapungua. Lakini kiangazi hiki umeme ulikuwa umeahidiwa kila mahali, viwandani, mijini, mpaka kwa majirani wa mbali waliokuwa tayari wanauziwa, na lango halikufunguliwa. Mama Kipimo aliandika hamsini, akaandika arobaini na sita, akaandika arobaini na mbili, akipeleka namba ofisini kila Ijumaa kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza kitu. Asubuhi ile ya Jumanne aliandika thelathini na nane, na mkono wake ukasita, kwa kuwa hakuwahi kuiandika namba hiyo tangu azaliwe.

Jioni wifi yake alikuja, dada wa marehemu mumewe, mwenye bustani ya vitunguu na nyanya kwenye kona ya tatu ya mto. Aliingia bila hodi, miguu imejaa tope hadi magotini, akajitupa kwenye kiti cha mlangoni.

"Wifi, maji yamenifika shingoni," alisema, "na huko mtoni hayafiki hata kifundo cha mguu. Leo pampu imenyonya tope na vyura wawili. Nyanya nimeziangalia, nazo zimeniangalia. Tumeagana."

Mama Kipimo alimpa maji ya kunywa, kisha akamwekea kitabu cha bluu mapajani na kumweleza. Alitegemea wifi yake angeruka juu, maana huyo alijulikana mtaa mzima kwa ulimi. Badala yake alipekua kurasa bila kuzisoma, akauliza:

"Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi saba."

"Usipotia sahihi?"

"Watasema wanaleta mashine ya kusoma mto yenyewe. Wamekuwa wakisema."

"Na kiinua mgongo?"

Mama Kipimo alitazama juu, kwenye paa. Kiinua mgongo kile alikwisha kukipangia. Paa la nyumba hii lilikuwa limeshika kutu, na magoti yake yalimwambia kila asubuhi kwamba ngazi kumi na tisa ni nyingi.

"Tia sahihi, wifi," wifi yake alisema.

"Wewe ndiye unayesema hivyo? Na hizo nyanya?"

"Nyanya ni zangu, niachie mimi. Nitauza mbuzi, nitafua nguo za watu, mimi sishindwi. Lakini wewe wakikufukuza leo, miaka ishirini na sita yote imekwenda na maji. Na maji yenyewe hayapo! Kaka yangu aliniachia wewe, hakuniachia mto."

Mama Kipimo alimtazama sana. Tope la miguuni mwa wifi yake lilikuwa linakauka, linapasuka pasuka. Mtu anapoteza bustani, na bado anakaa kwenye kiti chako anaulizia paa lako. Akainuka, akaleta beseni, akachuchumaa na kuanza kumwosha miguu.

"Acha, wewe! Mimi mgonjwa?"

"Tulia. Nimezoea kuchuchumaa."

Walicheka. Kisha Mama Kipimo akasema, bila kuinua kichwa, "Nikitia sahihi, wifi, hizi nyanya zako hazikukauka. Hao vyura hawakuingia kwenye pampu. Wewe mwenyewe utakuwa unasema uongo, na mimi ndiye niliyekutolea ushahidi. Sitii."

"Kichwa chako ni jiwe."

"Cha kaka yako kilikuwa laini, ndiyo maana tuliwezana."

Jumatano Mkuu wa ofisi alipiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa laini kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Alimkumbusha miezi saba. Alimkumbusha kwamba nchi inahitaji umeme, hospitali zinahitaji umeme, hata taa ya sebuleni kwake ni umeme. Mama Kipimo alisikiliza yote, akaitikia "naam" kila palipostahili. Mwishoni Mkuu akauliza, "Kwa hiyo tumeelewana, Mama?"

"Nimekuelewa, Mkuu. Kesho nitakileta kitabu mwenyewe."

Mkuu akashukuru. Hakuuliza kitabu kipi.

Alhamisi asubuhi mto ulikuwa bado thelathini na nane. Aliandika, akavaa gauni lake la kijivu, akaweka vitabu viwili kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kwa miguu.

Chumba cha mikutano kilikuwa baridi. Mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya maji, kizibo hakijaguswa. Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamume wa upande huu na mwanamke wa upande wa pili wa mpaka, mwenye miwani ya kamba na kalamu tatu. Mhandisi alikaa mwisho wa meza. Mkuu aliinuka kumkaribisha Mama Kipimo kwa tabasamu, akamshika bega.

"Huyu ndiye msomaji wetu. Mama yetu kabisa! Ametumika miaka mingi. Sasa mnajua tena, umri. Macho. Ndiyo maana kitabu chake tulikisahihisha kitaalamu."

Mama Kipimo alikaa, akaweka kitabu cha bluu mezani. "Macho yangu yana nini, Mkuu?"

Mkaguzi wa kiume alicheka puani.

"Si vibaya, Mama. Sote tunazeeka."

"Nimeuliza macho yangu yana nini. Umenipima wewe?"

Tabasamu la Mkuu lilibaki mahali pake, lakini mkono ukatoka begani. Mkaguzi wa kike alivuta kitabu cha bluu, akakifungua, akakunja uso. "Hiki hakina sahihi hata moja."

"Kwa sababu si changu," Mama Kipimo alisema. "Changu hiki hapa."

Akakitoa. Kilikuwa kimevimba kwa unyevu, kimeshonwa uti wa mgongo kwa uzi wa gunia, na kilipofika mezani harufu ya mto ikaenea katika baridi ile. Mkuu alianza kusema kwamba kitabu hicho hakikupaswa kuwepo. Mkaguzi alimwinulia kiganja, akavifungua vyote viwili sambamba, akaanza kusoma kwa sauti ili mwenzake aandike.

"Tarehe tatu asubuhi. Cha bluu, sitini na tatu. Hiki kingine, arobaini na sita. Tarehe nne, sitini na moja; arobaini na nne. Tarehe tano, sitini na saba—"

"Samahani, mwanangu," Mama Kipimo alisema. "Rudia hapo. Cha bluu peke yake."

"Sitini na tatu. Sitini na moja. Sitini na saba."

Mama Kipimo alitulia kama anavyotulia akingoja viwimbi. Namba zile zilimkwaruza sikio, kama mtu anayemwita kwa jina la mtu mwingine. Kitabu cha bluu hakukipekua kupita ule mstari wa kwanza; aliona haya, kama mtu aliyeokota barua ya uongo iliyoandikwa kwa mwandiko wa ndugu yake. Sasa alizisikia. Midomo yake ilijaribu kuzitamka kimyakimya. Ilikuwa haizijui.

"Hizo hazipo," alisema.

"Hazipo vipi?" Mkaguzi aliuliza.

"Kipimo chetu kina mistari ya mbili-mbili. Sitini, sitini na mbili, sitini na nne. Maji yakiwa kati ya mistari, unaandika mstari wa chini. Ndivyo nilivyofundishwa na mzee aliyenitangulia, na hivyo ndivyo kitabu kinavyosema ukurasa wa kwanza. Kwa miaka ishirini na sita mimi sijaandika sitini na tatu. Sijaandika na moja, na tatu, na saba, hata siku moja. Hata mwenye macho ya mwewe hawezi kuisoma sitini na tatu pale, kwa sababu haikuchorwa."

Kiyoyozi kiliunguruma.

"Hayo ni makadirio ya kompyuta," Mkuu alisema. "Kompyuta haiendi kwa mistari."

Mkaguzi aligeuza jalada la bluu. "Hapa juu mmeandika 'ilisomwa kwa jicho'." Akafunga kalamu zake, moja baada ya nyingine. "Mto uko mbali?"

"Ni mchana, jua ni kali," Mkuu alisema. "Na chakula kiko tayari."

"Dakika tano kwa gari," Mama Kipimo alisema.

Walikwenda. Juu ya ngazi Mkaguzi alivua viatu, akavishika mkononi, akashuka peku akishikilia ukuta. Mwenzake alimfuata. Mkuu alibaki darajani, simu sikioni. Mhandisi alisimama kwenye ngazi ya pili, palepale pa Jumanne.

"Namba za kitabu cha bluu aliziandika nani?" Mkaguzi aliuliza kutoka chini.

Mhandisi alitazama juu, kwa Mkuu. Mkuu aliwapa mgongo.

"Mimi," Mhandisi alisema.

"Ulizisoma hapa?"

"Sijawahi kufika hapo chini."

Alisema kwa sauti ndogo sana, na Mama Kipimo akaona ameinamisha kichwa. Angeweza kumwachia aibu ile ikae. Alikuwa na haki. Lakini alikumbuka viatu vya mpira.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Kanyaga hapa, halafu hapa. Ile ya sita imelegea, iruke."

Mhandisi alishuka. Viatu vipya viliingia kwenye ukoga, suruali ikagusa ukuta. Alipofika aliinama kutazama kipimo.

"Hapana. Ukiinama unauona mto kutoka juu, unauona mwingi. Kunja magoti. Shuka. Shuka tena, mpaka jicho likutane na maji. Sasa ngoja."

Walingoja wote. Wanawake wawili waliokuwa wakifua kwenye mawe meupe waliacha kupiga nguo.

"Soma."

"Thelathini na sita," Mhandisi alisema.

"Thelathini na sita," Mkaguzi aliandika.

"Asubuhi ilikuwa na nane," Mama Kipimo alisema. "Umeshuka tukiwa tunazungumza."

Mkaguzi alipitisha kidole kwenye vibao vikavu, mstari hadi mstari, mpaka juu ya kichwa chake, kisha akajifuta vumbi kwenye sketi. Alivichukua vitabu vyote viwili na kumwandikia Mama Kipimo hati ya kuvipokea, akiiegemeza kwenye ukuta wa ngazi, kwa herufi kubwa ili zisomeke. "Sitakudanganya, Mama," alisema. "Ripoti itakwenda kwa serikali mbili. Inaweza kuchukua wiki sita, inaweza kuchukua zaidi. Lango silishiki mimi."

"Najua. Wewe andika ulichokiona, hayo mengine yana wenyewe."

Gari la wakaguzi lilipoondoka, Mkuu alikuja. Sasa hakuwa na tabasamu, na Mama Kipimo alimwona afadhali hivyo.

"Umefurahi?"

"Nimechoka, Mkuu. Kufurahi bado."

"Kuanzia sasa hivi husomi kipimo hiki. Kaa nyumbani usubiri barua."

"Jioni atasoma nani?"

"Haikuhusu."

"Haijawahi kupita jioni bila kusomwa. Hata siku niliyomzika mume wangu."

"Nimesema haikuhusu! Ukionekana kwenye ngazi hizi, hiyo miezi saba yako isahau."

Dereva wa ofisi aliagizwa amwache kituo cha basi. Alimpitisha kituo bila kupunguza mwendo, akampeleka hadi mlangoni kwake, akazunguka kumfungulia mlango wa gari. Alimshika kiwiko mpaka alipokanyaga chini vizuri.

Mama Kipimo alikaa kitandani, bado na gauni la kijivu. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Aliinuka akafagia chumba kilichokuwa kimefagiwa. Kisha akavaa viatu vya mpira.

Wifi yake alikuwa juu ya ngazi, mikono kiunoni. Habari ilikwisha kumfikia. Habari za mtaa ule hazikuhitaji umeme.

"Nimekuja kukuzuia," alisema.

"Nizuie basi."

Wifi yake alimtazama, akatazama ngazi, akavuta pumzi. "Nishike mkono. Ile ya sita imelegea."

Walishuka pamoja. Mama Kipimo alikusanya gauni, akachuchumaa, magoti yakalia. Maji yalikuwa yamekaa kimya, mekundu kidogo kwa jua la kushuka. Alingoja. Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni kutafuta kalamu, akakumbuka. Hakuwa na kalamu, na kitabu kilikuwa njiani kuelekea ng'ambo ya mpaka.

"Ngapi?" wifi yake aliuliza.

"Thelathini na sita."

"Sasa utaandika wapi?"

Mama Kipimo alifikiri. Halafu alisimama wima kwenye ngazi ya mwisho, kifua mbele, na mwanamke yule ambaye kwa miaka ishirini na sita alisoma mto kimoyomoyo alipaza sauti mpaka ikagonga daraja na kurudi.

"Thelathini na sita!"

Wanawake waliokuwa wakifua waliinua vichwa. Mmoja akacheka, akidhani ni mchezo. Mwingine, mwenye mtoto mgongoni, alimtazama Mama Kipimo usoni, akaona si mchezo. Akaweka nguo juu ya jiwe, akageukia upande maji yanakokwenda, akaweka viganja mdomoni.

"Thelathini na sita!"

Kwenye kona ya kwanza mtu aliyekuwa akinywesha ng'ombe aliipokea, akaitupa mbele. Sauti ya nne ilikuwa ya mtoto. Ya tano haikujulikana ya nani. Namba ilikwenda ikipungua, ikapita bustani ya nyanya, ikaingia kwenye matete ambako mto ulipinda na kwenda kwa watu wasiojulikana. Kisha kukawa kimya.

Mama Kipimo na wifi yake walisimama wakisikiliza. Maji yalilamba chuma.

Halafu, kutoka mbali kabisa, kutoka chini huko, kuna mtu aliuliza:

"Ngapi?"

Mama Kipimo alivuta pumzi.